Tokeni au Petroli? Piga Hesabu Kabla Hujanunua Gari la Umeme

Tarehe 14 ya kila mwezi, jioni, Wakenya wengi wenye magari huwa na jicho moja kwa simu. Hiyo ndiyo siku EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na petroli, hutangaza bei mpya za mafuta zinazoanza kutumika usiku wa manane. Zikipanda, foleni zinaonekana kwenye vituo vya petroli kabla ya saa sita usiku. Zikishuka, kila mtu anangoja kupambazuke.

Siku hizi kuna jirani mmoja kwenye ploti ambaye habari hiyo haimshtui. Gari lake limeegeshwa hapo nje, waya umetoka dirishani, na asubuhi anaondoka kimyakimya bila hata kuunguruma. Ukimuuliza siri yake atakujibu, "Mimi petroli niliachana nayo. Nanunua tokeni tu."

Hapo ndipo maswali huanza. Je, ni kweli tokeni ni rahisi kuliko petroli? Kwa shilingi ngapi? Na stima ya nyumbani itapanda kiasi gani? Watu wengine tayari wameanza kuulizia mikopo wanunue gari la umeme, na hesabu yote waliyo nayo ni ile ya jirani. Mkopo wa gari si wa wiki moja, kwa hivyo tukae chini tupige hesabu pole pole. Utahitaji vitu viwili tu: meseji yako ya mwisho ya tokeni, na risiti ya petroli.

Anza na meseji ya tokeni

Watu wengi wakiulizwa yuniti moja ya stima ni pesa ngapi, hubahatisha. Jibu liko kwenye simu yako. Fungua ile meseji iliyokuja na namba 20 za tokeni. Utaona maneno kama Units, Amt, TknAmt na OtherCharges. Amt ni pesa zote ulizolipa. TknAmt ni ile sehemu iliyoingia kwa stima yenyewe. OtherCharges ni makato mengine yote: gharama ya mafuta yanayochomwa kuzalisha umeme, marekebisho ya bei ya dola, ushuru wa kusambaza umeme mashambani, VAT na mengineyo.

Kosa la kawaida ni kugawanya TknAmt kwa yuniti. Ukifanya hivyo utapata bei tamu ambayo haipo. Chukua Amt, gawanya kwa Units. Ukinunua ya shilingi 1,000 na ukapata yuniti 33.2, basi yuniti moja imekugharimu shilingi 30 na senti 12. Hiyo ndiyo bei yako halisi, na ndiyo tutakayoilinganisha na petroli. Yuniti moja ni kilowati-saa moja, kipimo kile kile kinachotumika kwa betri ya gari.

Bei hii si sawa kwa kila nyumba. Kenya Power huwapanga wateja wa nyumbani kwa makundi kulingana na matumizi: wale wa hadi yuniti 30 kwa mwezi, wale wa 31 hadi 100, na wale waliopita 100. Bei zilizoanza Aprili 2023 ziliweka bei ya msingi kuwa shilingi 12.22 kwa kundi la kwanza, 16.30 kwa la pili na 20.97 kwa la tatu, kabla ya kodi na makato mengine. Zimebadilikabadilika kidogo tangu wakati huo, lakini mpangilio ni ule ule: anayetumia zaidi analipa zaidi kwa kila yuniti.

Kumbuka jambo hili, maana litarudi kutuuma baadaye. Gari la umeme linakula yuniti nyingi kuliko friji, televisheni na pasi zikiwekwa pamoja. Ukiwa ulikuwa kundi la katikati, gari litakuhamisha hadi kundi la juu, na hapo hata yuniti za taa na friji zitalipiwa bei mpya.

Petroli nayo inakula kiasi gani?

Bei ya petroli Nairobi ilipanda hadi shilingi 217.36 kwa lita katika kipindi kilichoanza katikati ya Oktoba 2023. Baadaye ilishuka, lakini haikurudi pale ilipokuwa zamani. Sababu moja ni kodi. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16. Mwaka uliofuata, Julai, ushuru wa kutunza barabara ulitoka shilingi 18 kwa lita ukawa 25.

Katika hesabu zetu tutatumia shilingi 180 kwa lita, ili iwe rahisi kufuata. Ukiwa Mombasa utapata kidogo chini ya Nairobi kwa sababu uko karibu na bandari mafuta yanakoshukia. Ukiwa Mandera utalipa zaidi. Weka bei ya kwenu.

Sasa, gari lako linakwenda kilomita ngapi kwa lita? Usisome kwenye tangazo la muuzaji. Jaza tanki hadi juu, andika kilomita zilizo kwa dashibodi, tembea wiki moja kama kawaida, kisha ujaze tena hadi juu. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza mara ya pili. Gari dogo la injini ya 1,300 au 1,500 linaweza kukupa 15 au zaidi kwa barabara wazi, lakini kwa jam ya Mombasa Road huwa linashuka. Tuseme 13. Ina maana kila kilomita inakugharimu 180 ugawe kwa 13, yaani karibu shilingi 13.85.

Kilomita moja kwa stima

Magari mengi ya umeme yaliyotumika ambayo Wakenya huagiza kutoka Japani ni Nissan Leaf, kwa hivyo tutalitumia kama mfano. Gari la aina hii kwa mwendo wa kawaida huenda kama kilomita sita kwa yuniti moja iliyo ndani ya betri. Lakini si kila yuniti unayonunua inafika kwa betri. Nyingine inapotea kama joto kwenye waya na kwenye chaja wakati wa kuchaji. Ndiyo maana tutahesabu kilomita 5.5 kwa kila yuniti inayotoka ukutani, kwa sababu ile ya ukutani ndiyo unayolipia.

Shilingi 30 ugawe kwa 5.5 ni shilingi 5.45 kwa kilomita.

Kwa hivyo jirani hakudanganya. Petroli shilingi 13.85, stima shilingi 5.45. Ni chini ya nusu. Na kwenye jam tofauti huongezeka, kwa sababu injini ya petroli huendelea kunywa hata mkisimama, lakini mota ya umeme ikisimama haili kitu, ila kidogo cha redio, taa na hewa baridi.

Kuna hesabu nyingine fupi inayofaa kuwekwa kichwani. Zidisha gharama yako ya petroli kwa kilomita, yaani 13.85, kwa 5.5. Unapata shilingi 76. Hiyo ndiyo laini yako. Mradi yuniti ya stima iko chini ya shilingi 76, gari la umeme linakushinda kwa gharama ya safari. Ikipita hapo, petroli ndiyo rahisi. Laini hii itakusaidia ukifika kwa chaja ya barabarani au ya mall, ambako bei ya yuniti kwa kawaida iko juu ya ile ya nyumbani. Uliza bei ya yuniti kwanza kabla ya kuchomeka. Itakusaidia pia stima ikipotea na mtu akushauri uwashe jenereta. Jenereta ndogo ya petroli ikitoa yuniti mbili kwa lita moja, kila yuniti ni shilingi 90. Hapo umerudi kwa petroli kupitia mlango wa nyuma.

Tahadhari nyingine: unalinganisha na gari gani? Kama gari ulilo nalo ni haibridi kama Toyota Aqua na linakupa kilomita 20 kwa lita, basi kila kilomita ni shilingi 9, na laini yako inashuka hadi kama shilingi 50 kwa yuniti. Bado stima ya nyumbani inashinda, lakini kwa shilingi 3.55 tu kwa kilomita. Na usichanganyikiwe na majina: Aqua, au Nissan Note ya e-Power, hazichomekwi ukutani. Zina betri na mota, ndiyo, lakini chakula chake ni petroli.

Mwezi mzima, kutoka Kitengela

Tuseme unaishi Kitengela na unafanya kazi Upper Hill. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 60. Siku 22 za kazi ni kilomita 1,320.

Kwa petroli: lita 101.5 hivi, ambazo ni karibu shilingi 18,300.

Kwa stima: 1,320 ugawe kwa 5.5 ni yuniti 240.

Sasa lile jambo tuliloliweka kando limerudi. Tuseme kabla ya gari nyumba yako ilikuwa inatumia yuniti 60 kwa mwezi, kwa shilingi 26 kila moja. Ulikuwa ukilipa shilingi 1,560. Sasa nyumba na gari pamoja ni yuniti 300, na zote zinalipiwa shilingi 30. Jumla ni shilingi 9,000. Stima imepanda kwa shilingi 7,440.

Umeacha kulipa 18,300, umeanza kulipa 7,440 zaidi. Tofauti ni shilingi 10,860 kila mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya laki moja na elfu thelathini. Hizi si pesa kidogo. Ni karo.

Lakini ngoja. Tuseme mwenzako wa ploti hiyo hiyo anafanya kazi nyumbani, na gari lake ni la soko Jumamosi, kanisa Jumapili na kuwatembelea wazee mara moja moja. Kilomita 300 kwa mwezi. Petroli yake ni shilingi 4,150 hivi. Kwa stima angehitaji yuniti 55. Akijumlisha na zile 60 za nyumba anafika 115, na hapo amevuka 100. Zote kwa shilingi 30 ni 3,450. Ukitoa 1,560 alizokuwa akilipa, stima imepanda kwa 1,890. Anaokoa shilingi 2,260 tu kwa mwezi.

Stima ni ile ile na gari ni lile lile. Tofauti yao ni kilomita.

Sasa weka bei ya gari mezani

Hapa ndipo hesabu ya jirani huishia, na yako inafaa kuanza. Tuseme gari la umeme unalotaka linakugharimu shilingi 500,000 zaidi ya gari la petroli la hali kama yake. Uliza wauzaji wako upate tofauti ya kweli, usichukue yetu.

Wewe wa Kitengela, ukiokoa 10,860 kwa mwezi, utarudisha laki tano kwa miezi 46. Bima ya komprehensivu nayo huhesabiwa kwa thamani ya gari. Ikiwa ni asilimia 4, ile laki tano ya ziada inakuongezea shilingi 20,000 kwa mwaka, karibu 1,670 kwa mwezi. Sasa unabaki na 9,190, na miezi inakuwa 54. Miaka minne na nusu. Ni safari ndefu, lakini ina mwisho.

Mwenzako wa kilomita 300 akitoa bima hiyo anabaki na kama shilingi 590 kwa mwezi. Gawanya laki tano kwa 590. Ni zaidi ya miaka sabini. Huyu akinunua gari la umeme, alinunue kwa sababu anapenda utulivu wake au hewa safi, lakini asimwambie mke wake ati anaokoa pesa.

Na kama hiyo laki tano ya ziada umekopa? Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, mwezi wa kwanza riba peke yake ni shilingi 6,250. Inashuka kadiri unavyolipa, lakini mwanzoni inakula zaidi ya nusu ya kile unachookoa. Ndiyo maana tunasema: usiulize tu "stima ni pesa ngapi?" Uliza pia "natembea kilomita ngapi, na pesa za kununua zinatoka wapi?"

Kwa dereva wa teksi mambo ni tofauti kabisa. Kilomita 150 kwa siku, siku 26, ni 3,900 kwa mwezi. Petroli ni lita 300, shilingi 54,000. Kwa stima ni yuniti 709 hivi. Akichaji theluthi mbili nyumbani kwa shilingi 30, na theluthi moja mjini kwa, tuseme, shilingi 50, atatumia karibu shilingi 26,000. Anabaki na 28,000 mkononi. Mtu wa aina hii ndiye stima inamfaa zaidi. Lakini pia ndiye anayehitaji kuhakikisha anaweza kuchaji kwa haraka, na hilo linatuleta kwa soketi.

Soketi yako inaweza?

Soketi ya kawaida ya ukutani, na ule waya wa kuchaji wa kubebeka, hutoa kama kilowati 2.3. Kwa zile kilomita 60 za Kitengela unahitaji yuniti 11, yaani karibu saa tano. Ukichomeka saa nne usiku, saa tisa imeisha. Hakuna shida. Kwa dereva wa teksi anayehitaji yuniti 27, ni karibu saa kumi na mbili. Hiyo haiwezekani kama gari linatakiwa barabarani alfajiri. Atahitaji chaja ya ukutani ya kilowati 7, yenye laini yake ya ampea 32.

Hata kama soketi ya kawaida inakutosha kwa muda, soketi ambayo imezoea kuchaji simu na kupiga pasi dakika kumi haijazoea kubeba mzigo mzito saa tano mfululizo kila usiku. Ikiwa nyaya ni nyembamba au soketi imelegea, inapata moto. Kwa hivyo:

Usitumie ekstensheni, hasa ile iliyozungushwa kwenye gurudumu lake. Moto umewahi kuanzia hapo.

Mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA akuwekee laini ya gari peke yake kutoka kwa boksi la fyuzi, na swichi yake ya usalama. Ni kazi inayofanana na ya kuweka laini ya instant shower, na hivyo ndivyo unavyofaa kuilipia. Mwombe akague pia earthi ya nyumba.

Gusa plagi baada ya saa moja ya kuchaji. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuchoma kidole, zima.

Usichaji wakati instant shower na jiko la stima vinafanya kazi. Panga zamu.

Ukiwa umepanga nyumba, ongea na landlord mapema, tena kwa maandishi. Ploti nyingi zina mita ndogo ambazo mwenye nyumba huuzia wapangaji yuniti kwa bei yake. Ukigawanya Amt kwa Units ukakuta unalipa shilingi 40, hesabu yako yote inabadilika: kilomita moja inakuwa shilingi 7.30 badala ya 5.45.

Kuna bei maalum ya magari ya umeme

Katika bei zile za 2023, EPRA iliidhinisha kundi jipya la wateja: wanaochaji vyombo vya usafiri vya umeme. Bei ya msingi iliwekwa kuwa shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida, na shilingi 8 saa ambazo watu wamelala. Kwa siku za kazi hizo ni saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Juu yake unaongeza yale makato mengine na VAT, kwa hivyo usitarajie yuniti ya shilingi 8 kamili.

Kwa nini usiku ni rahisi? Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya inatoka kwa mvuke wa ardhini, kule Olkaria. Visima hivyo havilali. Usiku viwanda vikipunguza kazi na watu wakizima taa, mvuke bado unatoka, na Kenya Power ingependa kupata mnunuzi.

Bei hii haiji yenyewe. Ni kwa mita tofauti inayohudumia chaji ya gari peke yake, si kwa mita ya nyumba. Ukiwa unatembea kilomita nyingi, nenda ofisi ya Kenya Power ulizie masharti na gharama ya kuunganishiwa, kisha uweke gharama hiyo kwenye hesabu kama tulivyofanya na ile laki tano. Faida yake ya pili ni kwamba mita ya nyumba inabaki kwenye kundi lake la zamani.

Betri ndiyo injini, ikague

Gari la umeme halina oili ya injini, plagi wala taiming belti. Breki nazo hudumu zaidi, kwa sababu ukiachilia mwendo mota husaidia kupunguza kasi na kurudisha chaji kidogo. Bado utalipia matairi, shoki na mambo ya chini ya gari. Barabara zetu mnazijua.

Mzigo mkubwa uko kwa betri. Leaf ya betri ya kilowati-saa 40, ikiwa mpya, ilipimwa Marekani ikapata kilomita 243 kwa chaji moja. Iliyotumika haitafika huko. Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vijistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri, kando na vile vya chaji. Vihesabu. Kila kilichopotea ni kilomita ambazo umelipia na hutazipata. Halafu uulize fundi aliye na mashine akupimie vizuri, kwa sababu Leaf hizi hazina mfumo wa kupooza betri kwa maji na joto huizeesha.

Angalia pia mdomo wa kuchajia. Leaf za Japani hutumia plagi ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Tembelea chaja iliyo kwenye njia yako ya kila siku uone kama plagi hiyo ipo kabla hujalipa hata deposit.

Pesa ulizookoa ziko wapi?

Petroli ilikuwa na tabia moja: unailipia kidogo kidogo, elfu mbili leo, elfu moja mia tano kesho. Ukiacha kuilipia, zile pesa haziji mahali pamoja zikakusubiri. Zinayeyuka kwenye nyama choma na bando. Mwisho wa mwaka gari ni la umeme lakini akaunti ni ile ile. Kwa hivyo:

Siku ya mshahara, toa kiasi ulichokuwa ukitumia kwa petroli. Sehemu ya tokeni inunulie tokeni. Iliyobaki itume siku hiyo hiyo kwa akaunti ya akiba iliyofungwa, sacco, au kwa mkopo wa gari.

Nunua tokeni mara mbili au tatu kwa mwezi badala ya kila siku. Ukikatwa ada kwa kila malipo, malipo machache ni ada chache. Pia hutajipata saa saba usiku mita ikilia na gari likiwa nusu.

Hifadhi namba ya mita kwenye simu na uisome mara mbili kabla ya kuweka PIN. Tokeni hufanya kazi kwa mita moja tu iliyotengenezewa.

Meseji ikichelewa, usinunue tena kwa hasira. Piga *977# uitafute kwanza.

Mtu akikutumia meseji kwamba anauza tokeni nusu bei, huyo anauza hewa. Na hakuna mhudumu wa kweli atakayekuomba PIN yako ili "akurudishie yuniti."

Mwisho wa mwezi pakua taarifa ya malipo yako, ujumlishe tokeni zote, ugawanye kwa kilomita ulizotembea. Ikiwa jibu linapanda mwezi baada ya mwezi, ama bei ya stima imepanda, ama kuna kitu nyumbani kinakula umeme, ama betri inazeeka. Utajua mapema.

Kwa kumalizia

Jioni moja wiki hii, kabla hujampigia muuzaji, chukua karatasi uandike mistari minne. Wa kwanza, Amt ugawe kwa Units. Wa pili, kilomita unazotembea kwa mwezi. Wa tatu, petroli unayolipa sasa utoe stima itakayoongezeka na bima ya ziada ya kila mwezi. Wa nne, bei ya ziada ya gari na laini ya stima, ugawe kwa mstari wa tatu.

Jibu la mstari wa nne ni miezi. Likiwa chini ya miaka unayopanga kukaa na gari hilo, nenda ukaongee bei. Likiwa juu, endelea na gari lako, punguza safari zisizo na maana, na uweke akiba. Bei za magari ya umeme na betri zikibadilika, karatasi yako itakuwa bado ipo. Utabadilisha namba tu.